Kadi Kumi na Mbili za Meza ya Mbele

Naomba mnicheke sasa hivi, mmalize kabisa, ndipo nianze, maana kila nikisimulia jambo hili mtu ananikatiza katikati kwa kicheko halafu mwisho hacheki tena, ananilaumu kwa nini sikumwambia mapema. Mimi ndiye yule mwanamke aliyeviamkia viti vitupu mbele ya ukumbi mzima, siku ya harusi ya dada yake wa tumbo moja, amevaa viatu vya mitumba vya kisigino kirefu na nywele kazitia dawa. Watu wa Kitangari wa umri wangu wananikumbuka hivyo mpaka leo, na nikipita sokoni kuna mama mmoja lazima aniulize, "Safari hii umewaalika wangapi?"

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya ruksa, serikali imefungulia biashara, vitu vimeanza kuingia, maduka ya Masasi yamejaa sabuni za kila rangi na viti vya plastiki, wanunuzi binafsi wa korosho wanakuja na malori yao mpaka uani kwako, na kila mwenye harusi anataka iwe kama ile aliyoiona mahali fulani. Mimi nilikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja Masasi. Nilikulia mjini kwa shangazi, Kitangari kwa Bibi nilikuwa nakwenda likizo tu, na mwaka ule nilikuwa nimealikwa harusi moja Mtwara ambako kila mgeni alikuta mbele yake kakadi kameandikwa chakula atakacholetewa, na juu kabisa jina lake. Jamani, kakadi kale kaliniingia moyoni kuliko bwana harusi mwenyewe. Nilikaiba nikakaficha mkobani nikarudi nako.

Sasa dada yangu alikuwa anaolewa na Athumani wa Lupaso. Athumani hana neno, tatizo lilikuwa mama yake. Miaka mitatu mama yule alikataa, anasema mwanawe hawezi kwenda kuoa huko juu Newala ambako watu wanaoga kwa kikombe (maji kwetu ni shida, sikatai, lakini tunaoga), na dada kwa miaka hiyo mitatu alikonda mpaka nguo zikawa zinamvaa yeye. Mama yule alipokubali, alikubali kwa mdomo tu. Siku walipoleta mahari alitazama nyumba yetu kuanzia bati mpaka mkeka akasema, "Kumbe huku nako watu wanaishi." Dada alinishika mkono nyuma ya mlango akaniambia, "Zena, nakuomba, siku hiyo lisitokee jambo. Yule mama anatafuta sababu tu." Nikamwambia lala usingizi, mimi nipo.

Kwenye kikao cha harusi nikatoa hoja ya kadi za menyu. Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli hata baba akiwepo, aliuliza mara mbili kadi za nini.

"Za chakula, Mjomba. Mtu akikaa anasoma atakachokula."

"Na chakula kikija si atakiona?"

"Atakiona, lakini atakuwa ameshakisoma."

"Akishakisoma ndiyo anashiba?"

Watu wakacheka, mama akaangalia chini, na hoja ilikuwa inakufa hivihivi, ningeinyamazia tu leo ningekuwa mtu wa heshima zangu. Lakini nikasimama nikasema watu wa Lupaso watakuja na macho yao, na mimi sitaki dada yangu achekwe, karatasi nitapata ofisini na kuchapa nitachapa mwenyewe. Mjomba akatikisa kichwa, akasema haya, andika, ila wazee wakae mbele na wahudumiwe kwanza. Hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu nikaona basi wazee wa meza ya mbele niwaandikie na majina, kama Mtwara.

Majina yao sikuyajua. Msinicheke hapo, kwani nyinyi mnayajua? Kwetu mtu unamwita Mama Hamisi miaka ishirini, Baba Rukia, Babu wa Mkongoni, mpaka anazikwa hujui aliitwa nani. Kwa hiyo Jumapili moja nikapanda gari mpaka Kitangari kumuuliza Bibi, mama yake mama, kwa sababu Bibi ndiye mkubwa wa ukoo na hakuna jina asilolijua.

Nilimkuta nje, amekaa kwenye mkeka, kapakata ungo una unga mweupe wa mtama. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni kama unavyopanda Newala miezi ya baridi, mti wa jirani huuoni. Nikamwamkia, nikakaa, nikatoa daftari langu na kalamu, nikamuuliza kwa sauti ya kiofisi kabisa, "Bibi, kwenye harusi hii, ni akina nani wanaotakiwa wale kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote?"

Bibi akatabasamu. "Hilo ndilo swali mama yako alitakiwa aniulize tangu mwezi uliopita," akasema. "Kumbe wewe wa mjini ndiye mwenye akili."

Mimi kichwa kikavimba. Akaanza kutaja. Alitaja polepole, hanitazami, anatazama ule ukungu, kila jina likitoka ananyamaza kidogo kama mtu aliyebisha hodi anasubiri, kisha anachota unga kwa vidole vitatu anaudondosha pembeni ya mkeka. Mchopa. Nangumbi. Chinguile. Nalinga. Mimi naandika, namba moja, namba mbili. (Huo unga niliuona, jamani, macho ninayo. Nilidhani anapepeta.) Jina la kumi na mbili lilikuwa Nantende, na hapo ndipo nilipotulia kabisa, kwa sababu Nantende ni dada yangu. Ndilo jina alilopewa alipotoka unyago, la kurithi, la mama yake Bibi, ambaye sisi hatukumkuta, tunasikia tu kwamba alikuwa wa enzi za ndonya, kile kipande cha mti walichokuwa wakivaa bibi zetu kwenye mdomo wa juu. Nikasema moyoni bila shaka, biharusi lazima ale kwanza, Bibi anajua mambo.

Alipomaliza alidondosha unga kidogo juu ya daftari langu. Nikaupuliza ukaanguka. Bibi akanitazama.

Kadi nilizichapa kwa siku mbili kwenye manila ya waridi, nimeweka nyota pembeni zote nne. Pilau ya mbuzi, kuku wa kukaanga, kisamvu cha korosho, ming'oko yetu ya kuchimba porini, kachumbari, soda moja. Na zile kumi na mbili za meza ya mbele, juu ya jina la kila mtu nikaongeza maneno yangu mwenyewe niliyoyatunga nikiwa najipenda sana: *Umealikwa kwa heshima. Karibu ule kwanza.*

Tafrija ilikuwa Jumamosi saa tisa mchana kwenye ghala la zamani la korosho palepale Kitangari, ambalo siku hizo lilikuwa tupu kwa sababu wenye malori walikuwa wananunulia majumbani. Tulilifagia tukalipamba kwa vitambaa na maua ya uani, lakini harufu ya korosho ilikuwa imeingia kwenye kuta, haitoki. Ukungu siku hiyo ulikataa kuondoka. Ulikuwa unaingia kwa ule mlango mkubwa na kutambaa chini, watu wanafika kama vile wanatoka ndani ya maji. Wazee wa ukoo walikuwa bado nje na Mjomba wanawapokea wageni wa Lupaso, wahudumu tuliowakodi Masasi wako jikoni, nami niko ndani, meza ya mbele nimeitandika kitambaa cheupe, viti kumi na viwili vya plastiki, kadi zimesimama.

Wakaanza kuingia wageni wa kwetu. Wanaingia na kelele zao, wakifika meza ya mbele wanasoma, wananyamaza. Mama mmoja alisoma kadi mbili akajitanda kanga kichwani. Mzee mmoja akavua kofia, akasimama nayo kifuani, akaondoka kinyumenyume. Na mimi nimesimama pale kando natabasamu (hapa ndipo huwa najionea aibu hata nikiwa peke yangu), nasema ona ustaarabu ulivyowaingia watu, kadi tu, tazama wanavyoiheshimu menyu! Baada ya robo saa ghala lina watu zaidi ya mia mbili na unasikia nzi. Hakuna aliyekaa karibu na mbele. Watu walikuwa wamejipanga ukutani kule nyuma, wengine wameshikana mikono.

Wageni wa Lupaso wakaingia, wakapewa viti vyao upande wa kulia, maharusi wakaketi jukwaani. Meza ya mbele tupu. Nikaona hawa wazee wanaona haya, nikamwendea mshereheshaji wetu, kijana wa Masasi anaitwa Kibwana, nikampa daftari langu, nikamwambia awaite kwa majina. Wahudumu nao, watu wa kukodiwa wasiojua kitu, walikuwa wameambiwa meza ya mbele kwanza, wakaanza kuweka sahani. Kumi na mbili. Wakafungua soda kumi na mbili. Mvuke wa pilau ukawa unapanda mbele ya viti visivyo na mtu.

Kibwana akashika kipaza sauti. "Tunaomba wageni wetu wa heshima wajongee! Mzee Mchopa!"

Hakuna aliyebanduka ukutani.

"Mzee Mchopa, usituonee haya! Haya, Bibi Nangumbi!"

Kule nyuma mwanamke akatoa sauti, sijui niseme kilio, ilikuwa kama mtu aliyekanyagwa. Kibwana akadhani ni kigelegele, akachangamka zaidi. "Mzee Chinguile!" Mzee mwingine akakaa chini sakafuni palepale. Nikamwona Mjomba mlangoni, amesimama, mdomo wazi, amekuwa rangi ya majivu. Anapunga mkono kwa Kibwana, na Kibwana anadhani anapungiwa kwa furaha, anaendelea, jina la tano, la nane, la kumi na moja.

"Na mwisho, Nantende!"

Dada yangu akasimama. Si ameitwa? Akakusanya shela lake akashuka jukwaani, mwendo wa biharusi, polepole, macho chini, anaiendea ile meza. Mpaka leo nikifumba macho namwona anavyokwenda. Watu wa kwetu wakapiga ukelele wote kwa pamoja, "Asikae!" na mimi ndipo nikaelewa. Mjomba alimdaka alipokuwa ameshashika mgongo wa kiti.

Mama Athumani akainuka. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Hayo majina ni ya akina nani?"

Mjomba akasema ukweli, kwa sauti ndogo, kwamba ni marehemu wetu, wote, wale ambao Bibi huwataja akiwadondoshea unga kabla ya shughuli yoyote.

"Na mkwe wangu mmemwandika nao."

"Ni jina la kurithi, mama. Lilikuwa la—"

"Nimeona kadi. Nimeona kiti. Nimemwona kwa macho yangu akienda kukaa." Akamgeukia mwanawe. "Athumani, tulikuja kuoa, hatukuja kuzika. Inuka twende." Athumani alimtazama mama yake, akamtazama dada, akainuka nusu akabaki hivyohivyo, hajakaa hajasimama. Dada hakulia. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata, akanitazama tu, na ningetoa meno yangu yote siku ile ili asinitazame vile.

Nikakimbilia meza nizizoe zile kadi. Fimbo ikagonga sakafu.

"Ziache," Bibi akasema.

Alikuwa ameingia kwa mlango wa jikoni. Akaitazama meza kutoka mwanzo mpaka mwisho, sahani, soda, mvuke, akasema bila hasira, "Watu wamealikwa, wamefika, wameandaliwa. Sasa mnataka kuwafukuza? Aliyeandika ndiye atakayewaamkia na kuonja nao, kisha wataondoka kwa amani. Zena, anza."

Basi ndugu zangu, nikaanza. Viatu vyangu kwenye saruji vinalia ko, ko, ko, watu mia mbili na zaidi wananitazama, kipaza sauti hakijazimwa kinavuma. Nikasimama kwenye kiti cha kwanza, nikapiga goti, nikakiambia kiti cha plastiki, "Shikamoo Mzee Mchopa."

"Marahaba," ikaitika nyuma yangu, na nusura nianguke, lakini nikageuka nikamwona Bibi hatua tatu nyuma, kanga ameivuta mdomoni, anawaitikia. Nikaona ahaa, ndivyo inavyofanywa. Nikaonja tonge la pilau, nikasogea. "Shikamoo Bibi Nangumbi." "Marahaba." Tonge. Kiti kwa kiti. Kufika cha sita machozi na pilau vimechanganyika sijui nameza nini, dawa ya nywele inanitiririka shingoni pamoja na baridi yote ile. Kufika cha tisa niliacha kuwaza kwamba viti ni vitupu. Sijui niwaelezeje. Nilikuwa napita nyuma ya viti kwa kujibana, kama unavyopita nyuma ya watu waliokaa.

Kiti cha kumi na mbili Mama Athumani akanizuia. Alikuja mpaka pale mezani, akaigusa kadi kwa ncha ya kidole. "Hili jina lina watu wawili," akasema, ukumbi wote unamsikia. "Muite. Kama ni la marehemu, marehemu aitikie kama walivyoitikia wenzake. Kama hakuna wa kuitikia, basi ni la mkwe wangu, na mimi mwanangu naondoka naye."

Nikapiga goti. Kwa kanga niliyoazimwa na mtu nikajifunika uso, kwa sababu sikutaka kumwona dada. "Shikamoo Bibi Nantende."

Bibi hakuitika.

Nikasubiri. Nilisikia matone ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye bati. Nikasema moyoni Bibi amezimia, Bibi amesahau, Bibi nakuomba. Nikarudia, sauti imekatika, "Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee sana, nyembamba, na neno lenyewe halikutoka vizuri, lilitoka kizitokizito kama la mtu mwenye kitu mdomoni, midomo haikutani. Nilisikia kama imetokea mbele yangu, lakini ghala lile lina mwangwi. Nikajiambia Bibi huyo, anamwigiza mama yake na ndonya lake, Mungu ampe maisha. Nikaonja tonge la mwisho. Nilipofunua uso Mama Athumani alikuwa amerudi nyuma hatua mbili, mkono kifuani, anakitazama kiti. Halafu akaenda akamshika dada mkono yeye mwenyewe, akamrudisha jukwaani, akamkalisha kando ya Athumani, akamtengenezea shela. Hajawahi kumsema vibaya tangu siku ile, na dada anaishi naye Lupaso vizuri kuliko mimi ninavyoishi na wakwe zangu.

Kwa hiyo mnaona, iliisha salama, watu wakala, hata muziki ukapigwa. Kesho yake asubuhi kabla sijapanda gari la Masasi nikaenda kumuaga Bibi, amekaa anapuliza moto wa uji, nikamwangukia magotini nikasema, "Bibi, asante kwa kuniitikia jana, pale mwisho. Umemwokoa dada."

Bibi akacheka. "Mimi? Mimi wale kumi na mmoja niliwaitikia, ni kaka na dada zangu, nasimama mahali pao. Lakini mama yangu mzazi nijifanye yeye? Sithubutu. Nilinyamaza, nikajua harusi imeisha. Wewe ulipojiitikia ndani ya kanga nikasema huyu mtoto ana ujanja." Akaendelea kupuliza moto. "Ila nilijiuliza mpaka asubuhi, ulijuaje kusema kwa ndonya? Hujapata kumsikia mtu wa ndonya maishani mwako."

Nilimtazama, akanitazama, na akaacha kupuliza moto. Uji ukachemka ukamwagika na hakuna aliyenyoosha mkono.

Tangu hapo kadi za menyu ziko katika kila harusi, wanangu nao walizitaka nikakataa, nikawaandikia chakula kwenye ubao mmoja mlangoni bila jina la mtu. Nikialikwa na kukuta kadi mbele yangu siangalii kuna kuku au kuna samaki. Naangalia jina, na kama ni langu, nauliza kwanza lilikuwa la nani kabla yangu.